Mwongozo kamili: kujenga pwani ndani ya sanduku la mchanga na kuona ardhi, mto na bahari vikifanya kazi

Kila mwaka, wiki chache kabla ya maonyesho ya shule hapa Moshi, napokea ujumbe uleule kutoka kwa walimu na wanafunzi: "Delta haikutokea." Delta ni ardhi mpya ambayo mto huijenga kwa mchanga na tope mdomoni mwake, unapoingia baharini. Picha wanazotuma nazo zinafanana. Beseni limejaa tope, mto umechimba korongo moja refu, na pale palipotakiwa kuwa pwani pamebaki uji wa mchanga.

Nimekaa na vikundi vingi vya kidato cha tatu na cha nne kwenye kazi hii, na kosa karibu kila mara ni moja. Mtu anabadilisha mambo matatu kwa mpigo: anainua ardhi, anaongeza maji ya mto, na bahari inapanda yenyewe bila yeye kujua. Matokeo yakitoka hawezi kusema ni kipi kimefanya nini.

Katika mwongozo huu tunaitenganisha mikono hiyo mitatu. Ardhi ina kifaa chake, mto una kifaa chake, bahari ina kifaa chake. Ukigusa kimoja, viwili vinavyobaki unaviacha vilivyo.

## Vifaa

Kusanya vyote kabla ya kuanza. Ukianza na upungufu utaishia kutumia beseni, na beseni ndiyo chanzo cha picha zile.

- Mbao za moja kwa nane, za kutosha kuzungushia sanduku la sentimita 120 kwa 60. Sipresi au paini inatosha.
- Plaiwudi ya sakafu yenye ukubwa huohuo, na kipande kingine kidogo cha sentimita 50 kwa 25.
- Ubao mwembamba wa sentimita 110 wa kugawa sanduku katikati.
- Nailoni ngumu inayouzwa kwa mita, mita 2 hivi. Isiwe ile ya mifuko.
- Tyubu kuukuu ya baiskeli isiyovuja, na pampu yake. Fundi baiskeli yeyote anayo.
- Mpira wa maji wa robo tatu inchi, mita moja. Usichukue wa nusu inchi. Sababu utaiona hatua ya 3.
- Ndoo mbili zenye koki, kama zile za kunawia mikono, na vipande viwili vya mpira mwembamba.
- Ndoo mbili za lita 20 zilizojaa mchanga, pamoja na akiba ya kulisha mito.
- Pimamaji, rula, wavu wa mbu wa dirishani, kijiko cha chai, kipande cha godoro la sponji.
- Chupa mbili za plastiki zinazopitisha mwanga, chumvi ya mezani, na konzi mbili za udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka kiangazi.
- Simu ya kupigia picha, na kitu cha kuiegemeza isitikisike.

Mchanga usiuchimbe kingoni mwa mto Karanga wala Rau. Kingo hizo zimeshaliwa vya kutosha, na kuchimba mchanga mtoni bila kibali ni kosa. Omba ndoo mbili kwenye jengo linaloendelea. Mafundi hawakunyimi ukiwaeleza ni kazi ya wanafunzi.

## Hatua ya 1: Sanduku

Piga sanduku, weka sakafu, kisha liweke juu ya meza imara au matofali. Pima kwa pimamaji, kwa urefu na kwa upana. Sanduku lenyewe lisiinamishwe hata kidogo. Mwinamo tutautengeneza kwa mchanga.

Kabla ya kutandika nailoni, kunja tyubu iwe bapa na uilaze sakafuni katika nusu ya kushoto, kuanzia sentimita 35 kutoka kichwani hadi sentimita 85. Juu yake laza ile plaiwudi ndogo. Toboa tundu ubavuni ili mdomo wa tyubu utokeze nje.

Sasa tandika nailoni juu ya kila kitu. Usiivute ikakaza. Acha mikunjo ya kutosha juu ya plaiwudi ndogo, kwa sababu baadaye itainuka, na nailoni iliyokaza itachanika au itainua mchanga wa upande wa pili.

Utajua umefaulu ukipampu mara chache na kuona sehemu ya kushoto peke yake inapanda sentimita 2 au 3, kisha inashuka unapotoa upepo. Jaribu kabla ya mchanga. Nimeona kikundi kikifukua ndoo mbili za mchanga uliolowa kutafuta tundu la tyubu.

## Hatua ya 2: Mchanga

Mchanga wa huku kwetu ni wa volkano. Una punje nyeusi nzito ambazo sumaku huzivuta, na una vijiwe vyepesi vyenye matundu ambavyo huelea. Hivyo vinavyoelea ndivyo vinavyoharibu kazi: hufika baharini, huzunguka juu ya maji na kuziba njia ya kutokea.

Chekecha kwa wavu wa mbu, mwaga mchanga kwenye ndoo ya maji, koroga, engua kila kinachoelea. Rudia mpaka maji yakae karibu meupe.

Gawa sanduku kwa ule ubao mwembamba, kutoka kichwani kuelekea baharini, ukiacha sentimita 10 za mwisho wazi. Hapo pande mbili zitashiriki bahari moja.

Kisha panga mchanga uliolowa hivi:

- Nchi kavu, pande zote mbili: kimo cha sentimita 10 kichwani, ukishuka taratibu hadi sentimita 6 kwenye alama ya sentimita 70. Hapo ndipo pwani.
- Bahari ya kulia: tandaza mchanga wa kimo cha sentimita 4 na nusu hadi mwisho wa ubao. Hii ni bahari yenye uwanda mpana wa kina kifupi.
- Bahari ya kushoto: usiweke mchanga. Pwani ishuke ghafla hadi sakafuni.

Upande wa kushoto ni mfano wa pwani ambako mabamba mawili ya ganda la dunia yanakutana. Kule Chile na Peru bamba la Nazca linazama chini ya bamba la Amerika Kusini. Milima ya Andes imesimama karibu kabisa na maji, na si mbali na ufuko bahari inatumbukia kwenye handaki lenye kina cha karibu mita 8,000.

Upande wa kulia ni pwani iliyo mbali na mpaka wa bamba, kama mashariki ya Marekani, ambako bara na sakafu ya bahari vimo ndani ya bamba moja na vinasafiri pamoja. Hakuna kinachogongana, kwa hiyo mashapo, yaani mchanga na tope linaloletwa na maji, yamepata mamilioni ya miaka ya kujaa na kutandaza uwanda.

Pwani yetu ya Tanzania nayo iko mbali na mpaka wa bamba linalozama, lakini usimwambie mwanafunzi kwamba basi uwanda wake ni mpana. Sehemu nyingi ni mwembamba, ukiondoa maeneo ya Unguja na Mafia. Kanuni hizi zinaonyesha mwelekeo wa jumla, na kila pwani ina historia yake.

## Hatua ya 3: Bahari isiyoyumba

Hapa ndipo wengi huanguka, kwa hiyo twende polepole.

Mto ukiingiza maji kwenye beseni lisilo na pa kutokea, bahari inapanda kila dakika. Mto unaweka mashapo mahali pamoja, pwani inarudi nyuma, mashapo yanafunikwa, mto unaanza upya juu zaidi. Delta haiwezi kujengeka kwenye bahari inayoukimbiza mto kwenda mlimani.

Toboa tundu mwisho wa bahari, sentimita 2 juu ya sakafu. Toboa nailoni kitundu kidogo kuliko mpira, uupenyeze mpira kwa nguvu, kisha fungia kwa ukanda wa tyubu. Mdomo wa ndani ufunike kwa wavu wa mbu.

Nje ya sanduku pigilia ubao mdogo wima, uwe na alama kila nusu sentimita, ukihesabu kutoka usawa wa sakafu ya sanduku. Funga ncha ya nje ya mpira kwenye alama ya sentimita 6. Mdomo utazame juu, maji yafurike na kudondokea kwenye ndoo chini. Ukiugeuza utazame chini, mpira utanyonya, na bahari yako yote itaisha kabla hujajua kilichotokea.

Na ndiyo sababu ya mpira wa robo tatu. Wa nusu inchi haupitishi maji ya mito miwili kwa urahisi. Bahari inasimama kiasi cha sentimita moja juu ya alama, na bahari yetu ya kulia ina kina cha sentimita moja na nusu tu. Kosa la sentimita moja hapo ni kubwa mno.

Jaza bahari polepole kwa kikombe kutoka mwisho wa sanduku. Usimwage juu ya mchanga.

Utajua umefaulu ukiongeza lita 2 za maji baharini, ukasubiri dakika chache, na kukuta rula inasoma palepale.

Kuanzia sasa kumbuka hivi: mdomo wa mpira ni bahari ya dunia nzima, tyubu ni ardhi ya mahali pamoja.

## Hatua ya 4: Mto na mzigo wake

Weka ndoo yenye koki kila upande wa kichwa. Maji yasidondoke moja kwa moja juu ya mchanga, maana yatachimba shimo. Yaelekeze kwenye kipande cha sponji kwanza.

Fungua koki hadi chupa ya nusu lita ijae kwa sekunde 30, yaani lita moja kwa dakika. Pima pande zote mbili. Ndoo ikishuka kwa upana wa kiganja, jazia, kwa sababu ndoo inayopungua hupunguza nguvu ya mto bila kukuambia. Maji yaliyofurika yaache yatulie, uyatumie tena.

Kisha kitu ambacho wengi hawakifanyi: ulishe mto mchanga. Kijiko kimoja cha chai kila sekunde 10, kwenye sponji. Mto usio na mzigo hula kitanda chake na kuchimba lile korongo la kwenye picha zenu. Mchanga ukirundikana kichwani usisogee, punguza kijiko kiwe nusu. Maji usiyaongeze.

Teua watu wawili wa vijiko, na wa tatu ahesabu sekunde kwa sauti. Anayelisha asizungumze.

## Hatua ya 5: Dakika 20 za delta

Anza pande zote mbili kwa wakati mmoja. Piga picha kila dakika 2 kutoka juu, mahali palepale.

Mwanzoni utaona mto ukitanga huku na huko. Acha. Baada ya dakika chache upande wa kulia, mto unapogusa bahari, maji yanapoteza mwendo na mchanga unatua mdomoni. Kilima kidogo kinajitokeza, mto unapasuka mikono miwili kukizunguka, kila mkono unaweka kilima chake.

Msichana mmoja wa kidato cha tatu aliyekuwa amepiga magoti akihesabu sekunde aliacha kuhesabu ghafla. "Mwalimu, umehama!" Mto wake ulikuwa umetiririka kushoto kwa dakika 10, ukainua kitanda chake mwenyewe kwa mashapo mpaka kikawa juu kuliko ardhi ya pembeni. Ukingo ulipopasuka kwa upana wa ukucha, maji yote yakafuata njia mpya kulia. Mkono wa zamani ukakauka mbele ya macho yetu, ukiwa bado unang'aa. Nilimwambia asihesabu tena, aangalie tu.

Hivyo ndivyo ulivyofanya mto Huang He wa Uchina katika miaka ya 1850. Uliacha mdomo wake wa kusini mwa rasi ya Shandong na kwenda kuingia baharini kaskazini yake, mamia ya kilomita mbali.

Utajua umefaulu dakika ya 20 ukiona upande wa kulia una pepeo la mchanga lenye upana wa karibu shubiri moja, lililotokeza juu ya maji, na mikono miwili au zaidi. Upande wa kushoto, kwa maji yaleyale na vijiko vilevile, pwani imesogea upana wa vidole vichache tu.

Waulize wanafunzi mchanga wa kushoto umeenda wapi. Kisha waingize rula majini. Uko chini, kwenye mteremko. Mto umefanya kazi ileile, ila shimo la kujaza ni refu mara nne.

Hiyo ni nusu ya sababu za pwani ya Chile kukosa delta kubwa. Nusu ya pili ni kwamba mito yenyewe ni mifupi. Mabamba yaliinua Andes karibu na Pasifiki, kwa hiyo mto Amazon unaanzia Peru, chini ya kilomita 200 kutoka Pasifiki, halafu unaipa bahari hiyo mgongo na kusafiri zaidi ya kilomita 6,000 kwenda Atlantiki. Mlima huamua mchanga uende pwani ipi.

Sisi tunaishi juu ya mfano huo. Bonde la Ufa linapopasuka, mito inayoteremka ukingo wake pale Mto wa Mbu huishia Ziwa Manyara na haioni bahari kamwe. Lakini Themi inayopita Arusha mjini, na Karanga na Weruweru za hapa Moshi, huingia mto Kikuletwa, halafu bwawa la Nyumba ya Mungu, halafu mto Pangani, mpaka Bahari ya Hindi. Umbali wa saa moja au mbili za gari ndio unaotofautisha mchanga wa pwani na mchanga wa ziwa la ndani.

## Hatua ya 6: Inua ardhi

Acha mito yote iendelee. Usiguse mpira wa bahari. Upande wa kushoto, pampu polepole: mara moja, subiri, mara moja tena, hadi ardhi ipande sentimita 2.

Ukipampu kwa haraka mchanga utapasuka na kuporomoka. Ukiona nyufa ndogo usiogope. Ukiona maji yanapenya chini ya mchanga, simama.

Kinachotokea ni kizuri kuliko vyote kwenye kazi hii. Ufuko wa zamani unabaki juu kama ngazi kavu. Bahari inaanza kukata ufuko mpya chini yake. Mto, uliokuwa umetulia, unapata mteremko mpya mdomoni na kuanza kuchimba kurudi nyuma kuelekea mlimani.

Utajua umefaulu ukihesabu ngazi mbili zilizo wazi kushoto, huku upande wa kulia haujabadilika hata mstari mmoja. Hilo la pili ndilo ushahidi wako.

Mwaka 1964 tetemeko la Alaska liliinua sehemu za kisiwa cha Montague zaidi ya mita 10 kwa dakika chache, na wanyama wa baharini waliokuwa wameshika miamba wakafia juani. Tetemeko hilohilo likazamisha maeneo mengine karibu mita 2. Japani nako, Machi 2011, rasi ya Oshika ilishuka zaidi ya mita moja. Mpaka wa mabamba huinua hapa na kuzamisha pale, ndiyo maana tyubu haiko chini ya sanduku zima.

Hapa kuna tahadhari kwa walimu. Mwanafunzi akishaona ngazi hii atakumbuka miamba ya matumbawe iliyo juu ya maji Dar es Salaam au Unguja, naye atasema mabamba yameinua. Mrekebishe kwa upole. Kiasi cha miaka 125,000 iliyopita bahari ya dunia nzima ilikuwa mita kadhaa juu ya ilivyo leo, na sehemu kubwa ya matumbawe hayo ilikua wakati huo. Bahari iliposhuka, yakabaki juu. Ngazi inafanana, mkono ulioijenga ni mwingine. Hatua inayofuata inaonyesha tofauti hiyo.

## Hatua ya 7: Shusha bahari, kisha irudishe

Sasa tyubu usiiguse. Shusha mdomo wa mpira kutoka sentimita 6 hadi 4, nusu sentimita kila dakika 2.

Tazama pande zote mbili. Safari hii pwani zimehama kushoto na kulia. Hii ndiyo alama ya bahari yenyewe kusogea.

Upande wa kulia uwanda wote unakauka. Mto unatambaa juu yake ukitafuta maji, unafika ukingoni, na kuanza kuchonga bonde kutoka mwisho kurudi nyuma. Uache dakika 20, ukiendelea na maji lakini bila kijiko, ili bonde liingie mpaka ndani ya pwani ya zamani.

Kiasi cha miaka 20,000 iliyopita, maji mengi ya dunia yalipokuwa barafu juu ya nchi kavu, bahari ilikuwa karibu mita 120 chini ya leo. Unguja ilikuwa imeungana na bara, kwa kuwa mkondo unaoitenga ni wa kina kifupi. Pemba ilibaki kisiwa. Mkondo wake una kina cha mamia ya mita kwa sababu ardhi pale ilipasuka na kuzama. Visiwa viwili vya jirani, kimoja kimetengwa na bahari iliyopanda, kingine na ufa.

Rudisha mdomo wa mpira hadi sentimita 6, taratibu. Bahari inaingia bondeni. Haifuniki ardhi kwa usawa: inapanda kama kidole, ikifuata kila tawi la mto.

Utajua umefaulu ukiona mkono mwembamba wa maji umeingia ndani ya nchi kavu, pembeni una miinuko, na mto unaishia mwisho wa mkono huo, mbali na ufuko. Hilo ni hori. Bandari ya Dar es Salaam imekaa kwenye bonde la namna hiyo, na Mombasa pia. Jina Kilindini lenyewe linatokana na kilindi, maji ya kina, na kina hicho kilichongwa na mito wakati pale hapakuwa na bahari.

Wakiwa bado wanaangalia, rudisha kijiko cha mchanga kwa dakika 10. Mashapo yatatua ndani kabisa, kichwani mwa hori, na ufuko wa nje hautapata hata punje. Mto ulioingia kwenye bonde lililozama lazima ujaze bonde kwanza ndipo ujenge delta.

Kwa hiyo mwanafunzi akiuliza kwa nini Rufiji ina delta na Pangani ina mdomo mmoja uliotulia, ana pa kuanzia. Rufiji inakusanya maji ya eneo la karibu kilomita za mraba 177,000, Pangani karibu 43,000. Mzigo si sawa. Na delta ya Rufiji ina kisiwa cha Mafia mbele yake, kinachoikinga na nguvu ya bahari kuu.

## Hatua ya 8: Mawimbi na bwawa

Hii ni fupi. Chukua kibao cha upana wa kiganja, simama mwisho wa bahari, usukume nacho maji kidogo, mara moja kila sekunde. Upande wa kulia tu. Mawimbi yakija moja kwa moja, delta inakuwa butu. Yakija kwa mshazari, mchanga unasafiri pembeni na kujenga ulimi.

Endelea na kijiko kwa dakika 5. Delta itapigana na mawimbi na kubaki. Kisha weka ukuta mdogo wa vijiwe na tope katikati ya mto, maji yapite juu, mchanga usimame nyuma yake. Mawimbi yaendelee kama yalivyokuwa.

Ndani ya dakika chache ufuko unaanza kuliwa. Hakuna aliyeongeza mawimbi. Kilichokatika ni chakula. Delta ya Nile imekuwa ikiliwa hivi, hasa kwenye mdomo wa Rosetta, tangu bwawa kuu la Aswan likamilike mwaka 1970. Wanafunzi wa Moshi wakumbushwe kwamba tangu miaka ya 1960 mchanga wa Kilimanjaro na Meru unaobebwa na Kikuletwa unatua Nyumba ya Mungu.

## Hatua ya 9: Chupa mbili za tope

Mchanga peke yake haujengi delta zote. Delta za mikoko zina tope, na tope lina tabia yake.

Loweka udongo wa mbuga usiku mmoja, koroga, chukua maji yake ya juu yenye rangi ya chai ya maziwa. Jaza lita moja kwenye kila chupa. Kwenye chupa moja tia gramu 35 za chumvi, yaani vijiko viwili vya mezani vilivyosawazishwa. Ni kiasi cha chumvi kilichomo katika lita moja ya maji ya bahari. Tikisa zote mbili sawasawa, ziache dirishani.

Kwenye maji yasiyo na chumvi chembe za udongo wa mfinyanzi zinasukumana na kubaki zinaelea. Chumvi inapunguza msukumano huo, zinashikana na kuwa mabonge, mabonge yanazama.

Utajua umefaulu baada ya saa moja au mbili, chupa ya chumvi ikiwa imeanza kung'aa juu huku nyingine bado ni chafu mpaka shingoni. Ndiyo maana tope lililosafiri mamia ya kilomita bila kutua hutua palepale mto unapokutana na bahari. Usitumie udongo mwekundu wa mashambani wenye mboji nyingi; majani yataelea na kuficha mstari.

## Kazi ikiharibika

Mto unapita chini ya mchanga. Mchanga ulikuwa mkavu wakati wa kupanga. Ulowe wote, ushindilie kwa kiganja.

Delta inatokea kisha inazama. Wavu wa mdomo wa ndani umeziba, bahari imepanda. Soma rula kabla ya kulaumu mto.

Pande zote mbili zinatoa delta sawa. Mchanga wa kulia umeporomoka na kujaza bahari ya kushoto kupitia ule mwanya. Weka kokoto mwishoni mwa ubao kuuzuia.

Ardhi haishuki baada ya kutoa upepo. Mchanga umejishikilia kama dari. Gonga sakafu kwa chini mara mbili, kwa kiganja.

Ukimaliza, toa upepo wa tyubu kwanza, fungua bahari itoke yote, acha mchanga ukauke siku mbili ndani ya sanduku kabla ya kuuchota. Maji ya tope uyamwage bustanini, ila ya chupa ya chumvi uyaweke mbali na mimea. Mchanga usiufagilie kwenye mtaro. Mvua za masika zikija zitaupeleka mto Karanga ukiwa umeshaziba mtaro wa jirani.